Methadoni au buprenofini kwa dada Mweusi wa Marekani anayeacha heroini

Methadoni na buprenofini ni dawa za kutibu uraibu wa heroini, na zote mbili hukata arosto, yaani mateso ya mwili unapoacha. Tofauti kubwa iko mlangoni, yaani namna ya kuzipata.

Methadoni ya kutibu uraibu hutolewa kwenye kliniki maalumu. Mama anaamka saa kumi alfajiri, anapanda basi na mtoto mwenye usingizi, anapanga foleni, anameza kikombe chake mbele ya muuguzi, kisha anakimbilia kazini. (Aliyewahi kuona kliniki ya methadoni pale Muhimbili, iliyoanza 2011, hahitaji kuelezwa.) Kanuni za Marekani za 2024 zimelegeza: baada ya mwezi mmoja anaweza kupewa dozi za hadi siku 28 aende nazo nyumbani, kliniki ikiridhika naye. Hilo la kuridhika ndilo linalonitia wasiwasi.

Buprenofini iliidhinishwa kutibu uraibu 2002. Daktari wa kawaida anaiandika, unaichukua duka la dawa, unaiyeyusha chini ya ulimi. Tangu mwisho wa 2022 daktari hahitaji tena kibali cha pekee. Kwa siri na kwa muda, inashinda. Ila kwa miaka mingi imewafikia zaidi Wazungu wenye bima, huku methadoni ikibaki mitaa ya Weusi. Halafu ukiiwahi kabla arosto haijaanza, inakuletea arosto kali ya ghafla.

Mjamzito anaweza kutumia yoyote kati ya hizi. Kuacha ghafla ndiko kwenye hatari.

Mwenye kazi na watoto ningemwambia aulizie buprenofini kwanza. Isipomshika, ahamie methadoni bila aibu, nasi tumshikie mtoto asubuhi.