TAHADHARI: Anayekuuzia vitu vyako mtandaoni anakwambia "soko limelala", kumbe alishauza zamani

Ndugu zangu, yuko mtu anayepokea vitu vya watu kwa mali kauli, anasema anaviuza mtandaoni kwa kamisheni, na pesa hazimfikii mwenye mali. Jina lake silitaji kwa kuwa shauri liko polisi na sitaki kumpa upenyo. Mbinu zake nitazieleza zote, maana hayuko peke yake na wenzake wanatumia zilezile.

Aliyelizwa ni dada yangu mkubwa. Alikuwa na kamera na lenzi zake za enzi za kazi, cherehani ya kudarizi, simu nzuri aliyoacha kuitumia, na saa ya mkononi ya marehemu baba. Hana muda wa kupiga picha, kujibu "mwisho bei gani?" usiku wa manane, kisha kufunga vifurushi. Kumlipa mtu amfanyie kazi hiyo ni jambo la kawaida, na wapo wanaoifanya kwa haki. eBay ilianza 1995, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 Marekani ilishakuwa na maduka ya kupokea vitu vya watu na kuvipeleka kwenye mnada wa mtandaoni. The RealReal, iliyoanzishwa 2011, imejengwa juu ya kuuza nguo, mikoba na vito vya watu kwa niaba yao, na mgao wake inaukata kwenye mauzo.

Huyu wetu alitaka pesa kwanza. Ikaja ada ya kuweka tangazo kwa kila kitu, ikafuata ada ya picha, halafu ada ya kuthibitisha kwamba saa ni halisi, mwisho bima ya stoo. Kila moja ilikuwa ndogo kiasi cha kuona haya kuikatalia. Lakini fikirini: anayeishi kwa kamisheni ana haraka ya kuuza, kwa sababu asipouza hali. Ukimlipa kabla, ameshakula, na kitu chako kinaweza kukaa kwake hata mwaka bila yeye kupungukiwa na chochote. Ikizuka ada ya pili baada ya kulipa ya kwanza, nenda kachukue vitu vyako siku hiyohiyo.

Kisha zikaanza kalenda. Soko limelala. Wateja wanauliza tu, hawanunui. Tushushe bei kidogo dada, watu hawana hela. Dada akakubali kushusha, na kimya kikarudi. Wakati huo kamera ilikuwa imeshauzwa, tena kwa zaidi ya bei waliyokubaliana mwanzo. Tuliikuta kwa kutafuta kwa picha: tulichukua picha alizopiga dada mwenyewe kabla ya kukabidhi, tukaziweka kwenye injini ya utafutaji, tukafika kwenye tangazo lililowekwa na akaunti ambayo hatukuwahi kuonyeshwa. Limeandikwa "imeuzwa", na chini yake mnunuzi ameacha neno la shukrani. Ule ushauri wa kushusha bei ndipo nikauelewa. Alikuwa anatengeneza cha juu. Ukikubali bei ndogo, siku atakapoamua kukulipa atakwambia iliuzwa kwa hiyo ndogo, na wewe huna pa kumkamatia.

Nataka nikae kidogo kwenye kinachofuata, kwa sababu hapo ndipo watu wengi huridhika na kuacha kuuliza. Tulipomwonyesha tangazo alijibu bila kutikisika: ni kweli iliuzwa, lakini mteja karudisha, nimemrejeshea pesa zake. Maelezo hayo yanaingia akilini kwa sababu mambo hayo hutokea. Wanunuzi wa mtandaoni hurudisha vitu, na muuzaji mwaminifu naye huumia. Ila marejesho ya kweli huacha nyayo. Kuna ombi la mnunuzi ndani ya jukwaa lenye tarehe, kuna namba ya kufuatilia kifurushi kinachorudi, na kuna muamala wa pesa kumrudia mnunuzi. Mwenye hivyo vitatu anakutumia skrinshoti ndani ya dakika chache. Huyu alitutumia maelezo marefu yenye viapo.

Na kama kitu kimerudi, basi kipo. Tukasema kirudi kwetu. Baada ya kusukumana sana ikaletwa kamera na lenzi moja. Kamera ilikuwa aina ileile na rangi ileile, ila namba ya utambulisho (serial number) iliyochongwa chini yake ilikuwa nyingine, na kitufe kimoja kilikuwa kinakwama. Alikuwa ametuletea kamera chakavu ya mtu mwingine, huenda ya mteja wake mwingine ambaye naye anaambiwa soko limelala. Bila picha ya ile namba tungeipokea na kushukuru. Kwa hiyo kabla kitu hakijatoka mikononi mwako, piga picha ya namba ya utambulisho, piga na dosari zake: mkwaruzo, kona iliyochubuka, doa. Kwa simu bonyeza *#06# upate IMEI, ile namba ya tarakimu 15 inayoitambulisha simu, uiandike kwenye karatasi ya makabidhiano na mpokeaji asaini pembeni yake. Saini juu ya orodha iliyoandikwa "kamera moja, saa moja" haikusaidii kitu, kwa sababu kamera moja yoyote inaitimiza.

Wengi walituambia twende kwa mnunuzi tukaidai. Nawaelewa, na hasira ilinituma hivyohivyo, lakini sheria za nchi nyingi haziendi upande huo. Ukimkabidhi kitu mtu ambaye kazi yake ni kuuza, kwa hiari yako, naye akakiuza katika shughuli zake za kawaida kwa mnunuzi mwenye nia njema asiyejua kasoro yoyote, mara nyingi mnunuzi huyo analindwa. Uingereza ina jambo hili katika sheria yake ya mawakala wa biashara tangu 1889, na Marekani nako upo msimamo wa namna hiyo kwa mali iliyoachwa mikononi mwa mfanyabiashara wa bidhaa za aina ile. Unabaki unamdai aliyeuza, na yeye anaweza kuwa ameshaingia mitini. Saa ya baba, ambayo nayo iliuzwa, iko kwenye mkono wa mtu ambaye hakututenda ubaya wowote. Hilo linamuumiza dada kuliko pesa zote.

Asije mtu akasema waliodanganywa ni wasiojua mambo. Mwaka 2010 Lawrence Salander, aliyekuwa na jumba kubwa la sanaa New York, alikiri mashtaka mahakamani na kuhukumiwa kifungo cha miaka 6 hadi 18. Katika makosa yake, aliuza kazi za sanaa alizokabidhiwa auze kwa niaba ya wenyewe, hakuwaambia, na pesa hakuwapa. Hasara ilipita dola milioni 100. Miongoni mwa walioumizwa ni familia ya mchoraji Robert De Niro, baba wa mwigizaji yule maarufu mwenye jina hilohilo. Watu wenye wanasheria walikuwa wakiambiwa picha zenu bado zipo.

Sasa kwa anayetaka bado kuuziwa vitu vyake. Njia iliyo salama kuliko zote ni kugawa kazi: yeye apige picha, aandike tangazo, ajibu wateja na afunge vifurushi, lakini akaunti ya kuuzia iwe yako na pesa ziingie kwako, kisha wewe ndiye umpe mgao wake. Wapo watakaokataa kwa sababu ya kueleweka, kwa mfano akaunti yao ina sifa nzuri za miaka mingi na yako ni mpya. Huyo mkubalie kwa sharti la kupata linki ya kila tangazo siku linapowekwa, si skrinshoti, maana skrinshoti inatengenezeka na haionyeshi kilichotokea kesho yake. Muandikiane bei ya chini asiyoruhusiwa kuivuka bila idhini yako, siku ya mwisho ya kukaa na kitu, na kwamba malipo yanaambatana na taarifa ya mauzo kutoka kwenye jukwaa lenyewe yenye bei aliyolipa mnunuzi. Anza na kitu kimoja, tena kile ambacho ukikipoteza utalala usingizi. Urithi wa wazazi uuze mwenyewe.

Kama vitu vyako viko kwa mtu sasa hivi na moyo hautulii, usianze kwa ugomvi. Omba linki kwa lugha ya kawaida, kana kwamba kuna ndugu yako anataka kununua. Huku nyuma tafuta kwa picha, na ukikuta tangazo limeuzwa, hifadhi ukurasa mzima pamoja na anwani yake, tarehe na jina la akaunti kabla hujamgusia lolote, kwa sababu sisi tulipomwonyesha la kamera, la saa likafutwa siku ileile. Baada ya hapo mpe dai la maandishi lenye tarehe ya mwisho. Ukienda polisi peleka mazungumzo yote, karatasi ya makabidhiano, ushahidi wa umiliki na miamala ya zile ada; malipo uliyotuma kwenye namba au akaunti yake ndiyo yanayomfunga na jina halisi. Ripoti pia kwa jukwaa na kwa benki au mtandao uliopitishia pesa, mapema iwezekanavyo.

Ukurasa wake wa kwanza umefungwa na tayari kuna mwingine. Picha zinapigwa juu ya kitambaa cheusi kilekile, maelezo yanaanza na "Leta, tuuze, ulipwe", na maoni ya kumsifu yameandikwa na akaunti ambazo hazina posti hata moja. Ukiombwa ada ya kuthibitisha bidhaa na ukurasa wa namna hiyo, usitume. Waliokwisha kumpelekea vitu waende wakafungue malalamiko yao kwenye kituo chao, wataje namba ya malipo waliyopewa, kwa sababu mpelelezi wetu amesema lalamiko moja analiita deni la watu wawili, ila yakifika kadhaa yenye namba ileile ataliendesha kama utapeli.