SBML: tangu niache kuchapa upya modeli za watu

Zamani nikitaka kuendesha kwenye kompyuta modeli ya kibiolojia ya mtu mwingine, yaani milinganyo inayoeleza yanayotokea ndani ya seli, nilikaa na makala yake, nikachapa milinganyo mmoja baada ya mwingine. Alama moja ya kutoa ikinipita, grafu inaharibika na siku mbili zinaisha nikitafuta kosa.

Sasa naingia BioModels, hazina ya bure ya modeli iliyoko EMBL-EBI, taasisi ya Ulaya ya data za kibiolojia huko Uingereza, napakua faili ya SBML, lugha ya pamoja ya kuandikia modeli hizo ili programu mbalimbali ziweze kuzisoma. Yangu ya kwanza ilikuwa BIOMD0000000012, modeli ya Elowitz na Leibler ya mwaka 2000: jeni tatu ndani ya bakteria E. coli, kila moja ikiizima inayofuata, hadi duara likamilike. Nikaifungua kwa COPASI, programu ya kuendeshea modeli, nikaiendesha, na protini tatu zikaanza kupanda na kushuka kwa kupokezana. Nilifurahi mno! Nikaifungua tena kwa Tellurium, programu nyingine inayotumika ndani ya lugha ya Python, mawimbi yakawa yaleyale.

Faili yenyewe ni XML, maandishi yaliyopangwa kwa lebo. Inataja sehemu za seli, kemikali zilizomo, mimenyuko na kanuni ya kasi ya kila mmenyuko. Milinganyo programu inajiundia.

Paliponitesa ni kwenye ujazo. Kanuni ya kasi katika SBML inahesabu kiasi cha kemikali kwa sekunde, wakati vitabu vingi vinahesabu kiasi hicho kwa kila lita. Kwa hiyo kanuni ya kitabuni lazima uizidishe kwa ujazo wa sehemu husika. Mimi sikuzidisha. Ujazo niliuweka 1, basi wiki nzima kila kitu kikaonekana sawa. Siku niliyoweka ujazo halisi wa seli, namba zikaenda kombo kabisa, na kikaguzi cha faili za SBML hakikuweza kuniambia kitu kwa sababu sikuwa nimetaja vizio. Ngazi ya 2 ya SBML, yaani toleo la zamani, ilikuwa na vizio vyake vya kuanzia, mole, lita na sekunde. Ngazi ya 3 haina. Vitaje mwenyewe, tangu siku ya kwanza.

Muda wa kuendesha na grafu za kuchora havimo humo, hivyo huandikwa kwa SED-ML, lugha nyingine ya kueleza jinsi ya kuendesha modeli.

Kuandika XML kwa mkono sishauri, maana kuzidisha namba mbili tu kwa MathML, namna ya kuandika hesabu ndani ya XML, kunakula mistari kadhaa. Natumia Antimony, lugha fupi ya kuandikia modeli, kisha naigeuza kuwa SBML. Humo mmenyuko mzima ni mstari mmoja: S -> P; ujazo*k*S. Hapo S inageuka kuwa P, na k ni kigezo cha kasi. Huo ujazo siku hizi ndio ninaouandika kwanza.