Taya ilipasuliwa, saratani ikatoka, ila mengine sikuambiwa

Nianze na la kusifu, nisionekane mchoyo wa shukrani. Uvimbe ulikuwa nyuma kabisa ya ulimi na daktari aliutoa wote; majibu ya maabara yakasema kingo za nyama aliyokata ni safi, hazina saratani. Kwa kisu, hospitali nawapa tisa kwa kumi.

Alinichorea kwenye karatasi jinsi ya kuufikia. Mdomo wa chini unachanwa hadi kidevuni, mfupa wa taya unakatwa kwa msumeno hapo mbele, kisha pande mbili zinafunguliwa kama milango ya duka. Kazi ikiisha taya inaungwa kwa pleti na skrubu, na matundu yake hutobolewa kabla ya kukata ili meno yarudi kukutana palepale.

Kwa maelezo ya baadaye nawapa mawili.

Siku ya kumi na moja nilionjeshwa uji. Nikasikia joto shingoni: uji ulikuwa unachuruzika chini ya kidevu, kwenye mshono. Kumbe ndani pameachia. Nikarudishiwa mpira wa puani wiki tatu zaidi, mke wangu akinisukumia uji mwepesi kwa bomba la sindano huku akinipa habari za soko la Kibuye, Kisumu.

Kisha mionzi, mara 30, Jumatatu hadi Ijumaa, nikilala kwa dada yangu Nakuru. Mdomo ukaanza kukaza. Mazoezi yake ni vijiti vya aiskrimu: unavipanga, unavipenyeza katikati ya meno, unavumilia. Nilianza na vinne, sasa vinaingia kumi na moja. Mngeniambia mapema ningeanza mapema! Na aliyepangiwa mionzi amwone daktari wa meno kwanza, kwa sababu mfupa uliopigwa mionzi ukishang'olewa jino hupona kwa shida, pengine usipone.

Mwezi wa saba baada ya upasuaji ulimi wangu uligusa kitu kigumu, baridi, karibu na fizi. Kichwa cha skrubu. Usaha ulikuwa umeshaanza. Bahati mfupa ulikuwa umeunga, kwa hiyo pleti ilitolewa tu.

Kibuye nimerudi kuuza mitumba. Mdomo wa chini bado una ganzi, "p" na "b" zinanipotea, basi bei naziandika kwenye kadibodi. Juzi mama mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, kaniuliza mbona siku hizi sipunguzi.