Rangi za fulana na kofia za matangazo: ipi ununue, ipi uiache

Wengi wakifika Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapa Kampala, swali la kwanza ni bei ya kuchapa nembo. Mimi ningeanza na kitambaa. Nembo hata iwe nzuri vipi, fulana ambayo mteja wako anaona haya kwenda nayo sokoni Jumamosi itageuzwa tambara la kufutia pikipiki. Kwa hiyo nimezipanga rangi kwa kigezo kimoja: je, mtu ataivaa tena?

Inayoongoza ni buluu iliyokoza. Inakaa vizuri na jinzi, mzee na kijana wote wanaivaa, jasho halijionyeshi sana, na wino mweupe juu yake unasomeka toka ng'ambo ya barabara. Chama cha FDC nacho kina buluu, lakini yao imefifia zaidi. Hii nzito haimkumbushi mtu kampeni.

Ya pili ni damu ya mzee. Kwa vumbi jekundu la barabara zetu, sioni rangi inayolificha vizuri kuliko hii. Tatizo lake ni kuchuja. Lowesha kona ya leso nyeupe, sugua upindo wa fulana kwa nguvu. Leso ikitoka na wekundu, mwambie muuzaji akutolee mzigo mwingine.

Nyeupe naiweka ya tatu, ingawa kwa fundi ndiyo rahisi kuliko zote. Kwenye uchapaji wa skrini, yaani wino kusukumwa kupitia wavu, kila rangi ya nembo inahitaji skrini yake, na kitambaa cheusi au cha rangi nzito huhitaji tabaka la wino mweupe chini ili rangi nyingine zionekane. Nyeupe haihitaji tabaka hilo. Ukitaka picha yenye rangi nyingi kwa sablimesheni, yaani wino kuhamishiwa kwenye kitambaa kwa joto, huna ujanja: ni poliesta nyeupe, au walau ya rangi iliyofifia sana. Kwa mbio za hisani za siku moja inafaa kabisa. Kwa mfanyakazi anayepanda boda kila asubuhi, hapana.

Nyeusi ni ya miavuli na mifuko. Fulana nyeusi kwenye jua la saa saba mchana ni adhabu. Kijivu? Angalia kwapa za aliyeivaa, utapata jibu.

Sasa njano na nyekundu. Njano ni ya chama cha NRM, nyekundu ni ya chama cha NUP, na hata siasa zikipoa, kampuni za simu za MTN na Airtel wameshazizoesha macho ya watu rangi hizo hizo. Utalipia fulana 200, kisha mpita njia afikiri unauza vocha au unaomba kura. Kama ndizo rangi za kampuni yako, ziweke kwenye nembo, ukosi au kalamu, mwili wa fulana uwe rangi nyingine. Kijani kibichi nacho ni cha chama cha DP, japo hicho hakizui maswali mengi siku hizi.

Ya mwisho kabisa, wala siihesabu: kijani cha jeshi na madoadoa yake. Sheria inamkataza raia kuwa na sare za jeshi, na mwaka 2019 hata bereti nyekundu iliingizwa kwenye orodha ya mavazi ya jeshi. Usimtafutie mteja wako kesi kwa zawadi.

Kabla ya kulipa, omba fulana moja ya mfano, utoke nayo nje ya duka. Taa za ndani hudanganya, na skrini ya kompyuta hudanganya zaidi, ndiyo maana ni bora umpe fundi namba ya Pantone, ile orodha ya rangi zenye namba maalumu. Vuta kitambaa pale penye nembo: wino ukipasuka, haukuiva vizuri kwa joto. Ukikubali, chukua idadi yote kwa mkupuo mmoja. Mzigo ujao wa kitambaa unaweza kuwa na buluu tofauti kidogo, na kwenye picha ya pamoja tofauti hiyo itaonekana.