Visu vya mashine ndogo ya kukereza: kipi ununue kwanza

Ukishanunua mashine ndogo ya kukereza, ile ya kuweka mezani, dukani watakuonyesha seti ya visu vyenye ncha ya kabaidi (carbide, kitu kigumu sana cha kukatia chuma) iliyochomelewa kwa shaba, mikono yake imepakwa rangi ya kupendeza. Mimi niliichukua. Visu vilikuja butu, na kimoja kilimeguka ncha siku ya kwanza, kwenye shafti yenye mkato wa kii, yaani mfereji uliochongwa kwa urefu wake: kila mkato ulipopita, kisu kiligongwa. Kabaidi ni ngumu lakini haivumilii kugongwa.

Kwangu namba moja ni haispidi (HSS), chuma kigumu cha kutengenezea visu. Nunua vipande vitupu vya mraba, milimita 8 au 10 kadiri kishikio chako kinavyopokea, unoe mwenyewe kwenye grinda ya kawaida. Haispidi ya daraja la M2 inatosha kuanzia; M42, yenye kobalti asilimia 8, huvumilia joto zaidi. Mashine ndogo haina nguvu wala uzito, kwa hiyo inataka makali ya wembe yanayoingia bila kulazimishwa. Tena haispidi haikulazimishi mwendo mkali. Chuma laini hukatwa kwa mita 30 hivi kwa dakika. Kwenye nondo ya milimita 25 hiyo ni mizunguko kama 380 tu kwa dakika. Makali yakiisha, unarudi kwenye grinda, dakika chache kazi inaendelea. Kunoa kutakusumbua wiki ya kwanza. Vumilia, maana ukishajua unatengeneza kisu cha umbo lolote.

Namba mbili ni kishikio cha insati, yaani vipande vidogo vya kabaidi vya kufunga kwa skrubu na kubadilisha vikichakaa, aina ya CCMT 060204. Hiyo 04 ya mwisho ina maana ncha ina mviringo wa nusukipenyo cha milimita 0.4. Ukikwangua kidogo sana kuliko hapo, insati inasugua badala ya kukata, na shafti inatoka imeparuzika. Ongeza pakiti ya insati za CCGT, zile zinazong'aa za kukatia alumini: huchakaa mapema kwenye chuma, lakini ni kali kwelikweli na mashine dhaifu inazipenda. Insati za aina ya WNMG na TNMG waachie wenye mashine nzito.

Seti za kuchomelewa nimeziweka mwisho. Zinafaa kuvunja gamba gumu la chuma cha kusubu, basi. Zinataka jiwe la grinda la kijani kuzinoa, na vaa barakoa, vumbi lake ni baya kwa mapafu.

Kisu chochote utakachonunua, kipime kimo. Bana taratibu rula nyembamba ya chuma kati ya ncha na nondo, mashine ikiwa imezimwa. Rula ikisimama wima, ncha iko usawa wa katikati ya nondo. Kichwa cha rula kikikuinamia wewe, kisu kiko chini. Kikiinamia upande wa pili, kiko juu. Weka au toa vibati vyembamba chini ya kisu, kisha sawazisha uso wa nondo na upapase katikati kwa kidole mashine ikishasimama. Kama bado unagusa kichunusi, rudia.