PS2 na mpira wa Winning Eleven: uzoefu wangu hapa Dodoma

Kwa gemu la mpira wa kwenye TV, bado sijaona cha kuizidi PS2 (PlayStation 2, mashine ya gemu ya Sony) yenye Pro Evolution Soccer 5 ndani, yaani PES 5, ambayo Japani huitwa Winning Eleven. Nasema hivyo nikijua kuwa mashine hii ilitoka Japani mwaka 2000, Sony wakaacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013, na zinazouzwa mjini sasa zote ni mitumba. Kitakachoamua kama utaifurahia ni lenzi inayosoma CD. Na hapa kwetu adui wa lenzi ni vumbi, hasa miezi ile ya kiangazi upepo unapovuma kutwa nzima.

Nianze na mpira wenyewe. PES 5 ni ya 2005, PES 6 ya 2006, zote za Konami. Kwenye PES 5 mpira haujabandikwa mguuni. Mchezaji akipiga pasi huku amegeukia upande mwingine, pasi inatoka mbovu, na inabidi umtulize kwanza. Shuti ni kitufe cha mraba, na nguvu inategemea umeshikilia kwa muda gani: mstari wa nguvu ukivuka nusu ukiwa ndani ya boksi, mpira unapaa juu ya mwamba. Anayeshikilia R1, kitufe cha kukimbia, dakika zote tisini anapoteza mipira bure, kwa sababu mchezaji anayekimbia mbio anausukuma mpira mbali na mguu. Iachie R1 hatua mbili kabla ya kufika kwa beki, ndipo umgeuze.

Kwenye kukaba ndipo wengi wanafungwa. X ni kukaba mwenyewe, mraba ni kumwita mwenzako asaidie. Ukivibana vyote viwili muda wote, beki wa kati anatoka nafasi yake na mpinzani anapiga pasi ya kupenyeza kwa pembetatu nyuma yake. Mimi mraba nautumia pembeni mwa uwanja tu. Refa wa PES 5 ni mkali kupita kiasi, anapuliza hata mguso mdogo, na hilo ndilo dosari yake kubwa. PES 6 imelegeza hapo, ila mashuti ya mbali yamekuwa mepesi mno. Adriano mwenye nguvu ya shuti 99 anafunga kutoka umbali ambao kipa wa PES 5 angedaka bila shida. Kwa mashindano ya vijana wengi, PES 6 inachangamsha. Kwa wawili wanaojua mpira, PES 5.

Master League, sehemu ya PES ya kuongoza timu msimu baada ya msimu, ndiyo inayokula usiku. Unaanza na kina Castolo, Minanda na Ivarov, wachezaji wa kubuni wenye uwezo wa kawaida, na ukishinda unapata pointi za kusajili. Angalia safu ya mishahara kabla ya kununua mtu: msimu ukiisha pointi hazitoshi kulipa, gemu limekwisha hapo hapo.

Nje ya soka nitataja mbili tu. Mieleka ni Here Comes the Pain ya 2003. Ngumi ni Fight Night Round 3, ambayo makonde yanarushwa kwa kijiti cha kulia, kwa hiyo pedi iliyolegea kijiti haifai kabisa.

Sasa mashine. Igeuze usome lebo ya chini kabla hujauliza bei. Namba inaanza na SCPH, na tarakimu ya mwisho inaonyesha ilikotengenezewa kuuzwa: 0 Japani, 1 Marekani, 3 Uingereza, 4 Ulaya. CD za Ulaya zinataka mashine ya Ulaya, na ndizo zinazokaa vizuri kwenye TV zetu za PAL (mfumo wa picha wa hapa kwetu). CD ya Japani kwenye TV ya chogo ya zamani inaweza kutoa picha nyeusi na nyeupe. Volti nazo ziangalie hapo hapo. Ile nene ya Japani ni ya 100V, ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu inaungua. Nyembamba za kuanzia SCPH-70000 zinatumia adapta ya nje ya volti 8.5, usikubali kupewa ya 12 eti "inaingia". Zile za 90000 zina pawa sapulai ndani, na kwangu ndizo rahisi kuishi nazo.

Ukiijaribu dukani, usiridhike na menyu. Weka CD, ingia kwenye mechi, cheza mpaka mapumziko. Ikiandika Disc Read Error, lenzi ni chafu au imechoka. Ikitoa skrini nyekundu, huenda CD ni ya ukanda mwingine au ni nakala. Jaribu pia gemu lenye mgongo wa bluu (hiyo ndiyo CD hasa, zenye mgongo wa fedha ni DVD), maana lenzi inaweza kusoma DVD ikagoma CD, au kinyume chake.

Kusafisha nyembamba hakuhitaji bisibisi: zima, chomoa waya, fungua kifuniko, lenzi hiyo hapo. Kijiti cha pamba, tone moja la spiriti ya isopropili, zungusha taratibu bila kukandamiza, acha ikauke kabisa. Mafundi wengine hukimbilia kuzungusha kile kiskrubu cha kuongeza nguvu ya leza. Itasoma vizuri kwa muda, kisha leza inakufa moja kwa moja. Kataa. Kwenye nyembamba za mwanzo angalia pia utepe wa nyaya wa lenzi: ukiinuka unachora CD duara zima. Ubandike chini kwa selotepu.

Pedi inayobonyea yenyewe, au inayogoma vitufe kadhaa kwa pamoja, mara nyingi haijafa. Ndani kuna utepe unaokandamizwa kwenye saketi na sponji ndogo, na sponji hiyo husinyaa. Fungua, weka kipande chembamba cha sponji au selotepu iliyokunjwa juu yake, funga.

Kwa TV bapa, adapta ndogo ya HDMI inatosha, ila kwanza ingia System Configuration, kwenye Component Video Out chagua Y Cb/Pb Cr/Pr, la sivyo rangi zitavurugika. Washa na hali ya gemu kwenye TV, vinginevyo shuti litachelewa kidogo baada ya kubonyeza, na kwenye PES hilo linauma. TV ya chogo haina ucheleweshaji huo.

Kadi ya memori nunua ya MB 8 ya Sony. Zile za bei chee zilizoandikwa 64 au 128 hupoteza data, na Master League ya misimu sita haiandikwi upya kwa siku moja. Mashine ikiuliza tarehe kila ukiwasha, badilisha betri ya CR2032 iliyo ndani.