Ditekta ya gesi nne ya kuvaa kifuani: kazi inafanya, ila mtetemo wake hafifu mno

Kwa wanaouliza ditekta gani ya kuvaa inafaa kazi za majukwaa ya mafuta baharini, hii ya gesi nne nimeitumia muda wa kutosha kuisema vizuri na vibaya. Jina la kampuni nalibana maana kuna malalamiko yanakuja.

Inapima oksijeni, gesi inayowaka, kaboni monoksaidi na haidrojeni salfaidi, na hiyo ya mwisho ndo hasa inanifanya nisitoke dekini bila kuivaa. Kuna jamaa wanakwambia mi nitasikia harufu bana, haya, inanuka kweli kama yai viza, lakini ikifika kwenye 100 ppm hivi (sehemu 100 katika kila sehemu milioni za hewa) inaua uwezo wa pua kunusa, unadhani hewa imekaa sawa kumbe ndo imezidi. Halafu ni nzito kuliko hewa, inatuama kwenye mashimo na vyumba vya pampu. Yangu kwa gesi hiyo imesetiwa ppm 10 alamu ya kwanza na 15 ya pili, na ukiipa gesi ya kujaribia inalia fasta, hapo sina neno.

Shida ni kelele. Wameandika desibeli 95, sawa, ila hizo zinapimwa sentimita 30 kutoka kwenye kifaa, we kasimame karibu na kompresa umeziba masikio halafu uniambie umesikia nini. Hapo unategemea taa na mtetemo, na mtetemo wa hii kitu juu ya ovaroli nene na jaketi la kuokolea ni kama nzi katua. Kwa mtu anayefanya kazi ofisini sawa, dekini hapana.

Kabla hujalipia uliza sensa ya gesi inayowaka ni ya aina gani, wauzaji wengi hili hawalisemi. Ile ya kuchoma (inapima kwa kuunguza gesi kidogo ndani yake) inahitaji oksijeni ili ifanye kazi, sasa kwenye tenki la meli lililojazwa gesi ajizi (isiyowaka, ya kuzuia mlipuko) oksijeni inatakiwa isizidi asilimia 8, ukiingiza ditekta ya hivyo itakusomea kidogo au sifuri wakati mvuke wa mafuta umejaa tele. Na silikoni inaitia sumu, mtu anapuliza spreji ya kulainishia pembeni yako basi sensa inakufa kimya kimya. Ya infraredi (inapima kwa mwanga usioonekana) haina hayo na betri inakaa sana, ila haidrojeni haiioni kabisa, kwa hiyo chumba cha kuchajia betri, ambako haidrojeni hutoka, usiiamini. Yangu ni ya kuchoma, kwa kazi za juu ya deki inatosha, kwa matenki natafuta nyingine.

Ndo maana bamp testi (kuipulizia gesi ya kujaribia uone kama inalia) kila siku kabla ya shifti haina mjadala, maana sensa iliyokufa inaonyesha sifuri ileile ya hewa safi. Kituo chake cha kujaribia kinauzwa peke yake (wizi mtupu) lakini kinunueni tu, unachomeka, kinapuliza gesi, kinaandika rekodi chenyewe, dakika haziishi mbili.

Kitu nilichopenda kuliko vyote ni kwamba alamu ya juu, ile ya pili, unaweza kuiseti isinyamazishwe mpaka gesi ishuke. Wengine wanaona kero. Piper Alpha, lile jukwaa la mafuta la Bahari ya Kaskazini lililolipuka Julai 1988, alamu za gesi zililia kwenye chumba cha kuongozea mitambo kabla ya mlipuko wa kwanza na bado wakafa watu 167, kwa hiyo mi acha inipigie kelele nikitoka eneo ndo inyamaze.

Klipu ni takataka, inalegea, na chumvi ya bahari inaziba vitundu vya sensa kwa hiyo filta za akiba agizeni pamoja. Vitufe vinabonyezeka na glavu, maji haiyaogopi. Nyota 3 na nusu, wakiongeza nguvu ya mtetemo nitapandisha.